Mche Ukianguka Usiku, Tuangalie Maji Kwanza

Mazungumzo yaliyotolewa Kindu, jimbo la Maniema, mbele ya familia zilizohama, familia zinazowapokea na viongozi wa kartye

Tunajua wengine mmevuka Lualaba kwa mtumbwi leo asubuhi kutoka Alunguli, na wengine mmetembea kutoka Mikelenge. Hatutawachelewesha. Mwishoni tutatoka nje, na kila mmoja atafanya kazi kwa mikono yake.

Tulipopitisha habari kwamba leo tutazungumza juu ya kumwagilia miche, baadhi yenu mlituuliza: ninyi watu wa amani, mmeacha mambo ya amani na kuanza mambo ya bustani? Swali hilo ni zuri na linastahili jibu.

Sisi tunaopita katika makartye tunasikia malalamiko yanayoletwa mbele ya mashefu. Vita tulivyovikimbia vilianzia mbali, lakini magomvi ya kila siku huanzia karibu: bidoni iliyotangulizwa katika mstari wa pompa, jiko la pamoja, mtoto aliyechuma nyanya isiyo yake. Na kuna gomvi moja linalorudi kila kiangazi. Miche imekufa usiku, na mtu anatafutwa.

Linaendaje? Familia imetoka Kabambare, au Shabunda, au Punia. Wengine wamefika baada ya Goma na Bukavu kuingiliwa na M23, mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka 2025. Wengi hawakai kambini. Wanakaa katika parseli ya ndugu, ya rafiki, au ya mtu ambaye jana hawakumjua. Mama amepata kiganja cha mbegu za nyanya au za biringanya, ameziotesha ndani ya beseni lililopasuka, karibu na mlango. Baada ya siku nane miche iko mizuri, imesimama kama askari. Anaipenda, kwa hiyo anaipa maji asubuhi, anaipa mchana, anaipa jioni. Siku ya kumi na mbili anaamka, nusu imelala chini. Siku ya kumi na tatu, yote. Majani bado ni ya kijani. Hakuna kuku aliyepita, hakuna mbuzi. Ndipo neno linatoka: jana jioni mama mwenye parseli alisimama hapa, akatazama sana, hakusema kitu. Kutoka neno hilo mpaka neno «mlozi» si safari ndefu. Na mnajua wenyewe, katika Kongo ya mashariki neno hilo limewafukuza watu katika nyumba zao, na wengine limewatoa roho.

Basi tuseme wazi ni nini kilichoua miche ile. Ni kuvu, yaani ukungu mdogo sana usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya udongo. Katika mafunzo ya kilimo ya ndugu zetu wa Tanzania ugonjwa huu huitwa kinyausi. Huamka pale ambapo udongo umelowa siku nyingi bila kupumzika, miche imesongamana kama abiria katika gari moshi, na hewa haipiti katikati yao. Hushika shina pale linapogusana na udongo. Ng’oa mche mmoja uliolala, uutazame kwa karibu: utaona shina pale chini limekuwa jembamba, la rangi ya kahawia, kama limefungwa na uzi. Juu mche ni mzima, chini umekwisha kukatika. Kwa sababu shina la mche mchanga ni laini, unaweza kuulaza katika usiku mmoja, na huenda kwa jirani yake, na jirani ya jirani, kama duara la maji kisimani.

Kuna muuaji wa pili, na huyu anaonekana. Ukikuta shina limekatwa safi, kama kwa wembe, na kichwa cha mche kimelazwa pembeni, chimbua udongo kwa kidole kuzunguka shina. Utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya kijivu au ya udongo, amejikunja kama herufi C. Hukata usiku, hujificha mchana. Muueni, na mwonyeshe kila mtu katika parseli, hata watoto.

Na kama kweli mtu amemwaga maji ya chumvi kwa chuki, alama yake ni nyingine: majani huungua kuanzia pembeni, shina halifungwi na uzi. Tunalisema hili kwa ajili yenu mashefu. Mkiletewa shitaka la namna hii, kabla ya kuita mtu yeyote, ombeni mche uletwe. Uwekwe mezani, shina litazamwe mchana kweupe, mbele ya pande zote mbili. Tumeona shauri la wiki mbili likimalizika kwa nusu saa kwa sababu mzee mmoja alikuwa na subira ya kuinama na kutazama.

Sasa mtasema: sisi si watoto. Baba aliyelima mpunga Kasongo, mama aliyelima muhogo na karanga tangu akiwa msichana, je, leo atafundishwa kumwagilia? Ndiyo, ndugu zetu, na hakuna aibu ndani yake. Mkulima wa shamba akifika kwenye kopo anakuwa mwanafunzi tena. Shamba lina kina. Jua likizidi, mzizi unashuka na kutafuta unyevu wenyewe. Mvua ikizidi, maji yanapata njia ya kuondoka. Lakini katika kopo, katika beseni, katika mfuko, mzizi umefungwa. Maji yakizidi hauna pa kukimbilia, yakipungua hauna pa kwenda kuyatafuta. Kila kitu kinatoka katika mkono wako. Ndiyo maana wakulima hodari wanaua miche ya kopo, na pengine mtoto wa shule asiyejua jembe anaiponyesha.

Jambo la kwanza ni matundu. Kopo lisilo na tundu chini ni kisima, na mche uliopandwa ndani ya kisima utazama. Piga matundu manne au matano kwa msumari, uweke kokoto chache juu yake ili udongo usiyazibe, kisha uinue kopo juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yatoke. Udongo nao uwe mwepesi. Udongo mwekundu mzito wa parseli nyingi hapa kwetu hushikana kama tofali ukikauka, na kama matope ya kuta ukilowa. Changanya na mchanga wa mtoni na mbolea ya samadi au ya majani iliyooza vizuri, mpaka ukiufinya mkononi ushikane, na ukiugusa kwa kidole uvunjike.

Jambo la pili ndilo kubwa, na ni rahisi kuliko yote: kidole. Watu wengi wanamwagilia kwa saa. Asubuhi imefika, wanamwaga. Jioni imefika, wanamwaga. Mche haujui saa. Ingiza kidole ndani ya udongo, pingili moja kwa mche mdogo, mbili kwa kopo kubwa au gunia. Udongo ukiwa baridi na ukishikilia ngozi, acha, rudi kesho. Ukitoka mkavu kama unga, mwagilia. Wenye uzoefu hubeba kopo kwa mkono: lililolowa ni zito, lililokauka ni jepesi, na baada ya wiki moja mkono wako utajua tofauti bila kufikiri. Wakati wa kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, kopo dogo linaweza kuomba maji kila siku. Mvua zikirudi, linaweza kukaa siku tatu au nne bila kitu. Mkono ule ule, mche ule ule, lakini hesabu si ile ile.

Tukae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo miche mingi inapotea. Mzizi hauhitaji maji tu, unahitaji na hewa. Udongo mzuri una nafasi ndogo ndogo, nyingine zina maji, nyingine zina hewa. Ukijaza zote maji, siku kwa siku, mzizi unakosa pumzi, unaoza. Na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji tena. Sasa majani yanalegea, yanakuwa ya manjano. Mwenye mche anaona majani yamelegea, anasema: una kiu, maskini. Anaongeza maji. Anaumaliza. Mche wenye kiu na mche uliozama vinalegea namna moja, macho hayawezi kuvitofautisha. Kidole ndicho kinachotofautisha.

Kuna pia kulegea kwa saa sita mchana. Biringanya, maboga na papai changa hulaza majani jua likiwa kichwani, hata kama udongo umelowa, kwa sababu jani linapoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoyaleta. Wamama wenye huruma wanakimbia na kikombe. Ngoja mpaka jua lishuke. Jioni majani yakisimama yenyewe, hapakuwa na kiu. Yakibaki yamelala jioni, na kidole kikitoka kikavu, hapo ndipo ulete maji.

Mwagilia asubuhi, mapema, kabla jua halijapanda. Mche unapata maji ya kufanyia kazi mchana kutwa, na majani yaliyolowa yanakauka haraka. Jioni si vibaya kabisa siku za joto kali, lakini umwage kwenye udongo, usilowanishe majani yakalala na maji usiku mzima, kwa sababu ukungu unapenda hivyo.

Na mmwage polepole. Hatujui kwa nini, lakini mtu akishika ndoo mkono wake unakuwa na haraka kama anazima moto. Maji yanayoanguka kwa nguvu yanachimba udongo, yanafukua mbegu, yanalaza mche na kurushia matope majani. Mwaga kidogo kwanza, udongo uamke. Hesabu mpaka ishirini. Kisha mwaga tena mpaka tone litoke chini ya kopo. Likitoka, umemaliza. Kunyunyiza kidogo kidogo kila saa kunalowanisha ngozi ya juu tu, na mizizi inabaki juu juu, ikiungua siku ya jua kali. Mbegu ambazo hazijaota ndizo peke yake zinazotaka uso wa udongo uwe na unyevu wakati wote, na hizo zinataka mvua laini. Hakuna haja ya kununua chombo. Chukua kopo tupu la nyanya, litoboe chini matundu mengi kwa msumari mwembamba. Au chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko chake kwa sindano iliyopashwa moto. Hiyo ni mvua yako.

Kopo likisahauliwa mpaka udongo ukauke kabisa, utaona umejitenga na ukuta wa kopo. Ukimwaga maji juu, yanapita pembeni na kutoka chini mara moja, na wewe unafikiri umemwagilia. Katikati bado ni jangwa. Liweke kopo zima ndani ya beseni lenye maji kidogo, linywe kutoka chini kwa kama nusu saa, mpaka uso wa udongo uwe mweusi. Kisha litoe. Usiliache humo.

Maji gani? Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote. Ya mto na ya chemchemi yanafaa. Maji mliyooshea mchele au sombe yanafaa pia, yakipoa. Maji ya sabuni usiyape miche michanga, wala maji ya kupikia yenye chumvi. Lakini kumbukeni kipindupindu, ambacho watu wa kandokando ya Lualaba wanakijua vizuri. Mboga inayoliwa mbichi, kama nyanya, imwagiliwe kwenye shina, si juu ya tunda, na ioshwe kwa maji safi kabla ya kuliwa. Na sahani iliyowekwa chini ya kopo imwagwe. Maji yaliyotuama wiki nzima ni nyumba ya mbu, na hakuna aliyekimbia bunduki ili aje kuuawa na malaria katika parseli ya mwenzake.

Sasa tuje kwenye pompa, maana pompa ndiyo baraza letu la kweli. Mashirika ya misaada yana kipimo kinachojulikana kote duniani katika mwongozo uitwao Sphere: kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na usafi; bomba moja lisipite watu 250, na pompa ya mkono isipite watu 500. Familia ya watu wanane inahitaji basi lita 120, yaani bidoni sita za lita 20. Ninyi mnajua ni familia ngapi zinapata bidoni sita. Katika hali hiyo, mtu akionekana anabeba bidoni ya saba kwenda kumwagia maua, kama wanavyosema, maneno yatatoka. Na wenye maneno hayo si watu wabaya. Wana kiu.

Lakini tufanye hesabu. Mche katika kifuko cha nusu lita unatosheka na robo ya gilasi, kama mililita 50. Bidoni moja ya lita 20 ina robo za gilasi 400. Miche mia nne! Familia yenye miche thelathini ya nyanya inahitaji lita moja na nusu siku ile ambayo kidole kimeomba maji. Hiyo ni chupa moja kubwa. Maji ya kuoshea mchele yanatosha. Miche ikihamishiwa katika tuta, hesabu inapanda: wakati wa kiangazi weka kama lita nne au tano kwa kila mita moja ya mraba kwa siku, kwa hiyo bidoni moja inalisha mita nne au tano. Funika udongo kwa makapi ya mpunga, ambayo Maniema hatukosi, au kwa majani makavu, na weka kivuli cha majani ya ngazi kwa wiki za kwanza. Unyevu utakaa zaidi na bidoni zitapungua. Mtu anayemwaga ndoo mbili juu ya beseni moja la miche anaua miche yake na papo hapo anampa jirani sababu ya kumchukia. Tunawaomba kamati za pompa zitaje hesabu hii waziwazi: maji ya miche yachotwe baada ya maji ya kunywa, au yatoke jikoni. Watu wakijua kwamba ni chupa na si bidoni, sauti zinashuka.

Jambo jingine linahusu vitalu vya pamoja, vile ambavyo familia zilizohama na zinazopokea zinaotesha pamoja. Wazo ni jema na sisi wenyewe tunalitetea. Lakini kitalu cha pamoja kina ugonjwa wake: kila mmoja anamwagilia, ili aonekane amefanya kazi. Mama wa kwanza anakuja saa kumi na mbili, wa pili saa moja, kijana wa tatu saa nne kwa sababu hakuona mtu. Jioni mwenyekiti anapita na wageni, naye anamwaga kidogo kwa heshima ya wageni. Miche inakunywa mara nne kwa siku na inakufa kwa kupendwa na wengi. Panga watu wawili kwa kila siku, mmoja wa familia iliyohama na mmoja wa familia inayopokea, na siku hiyo mtu mwingine asiguse. Wekeni jiwe juu ya tofali. Waliomwagilia wanalihamisha upande wa kushoto. Waliopima kwa kidole na kukuta hakuna haja wanalihamisha pia, kwa sababu kupima nako ni kazi. Anayekuja nyuma anaona jiwe, anarudi nyumbani. Kupima bila kumwagilia kuhesabiwe kuwa kazi kamili, la sivyo watu watamwaga tu ili wasiitwe wavivu.

Huko Kenya, Profesa Wangari Maathai alianzisha mwaka 1977 harakati ya Green Belt, wamama wa vijijini wakiotesha miche ya miti katika vyungu vilivyovunjika na makopo. Wataalamu wa misitu walisema kazi ile inataka diploma. Wamama wakaendelea, na mwaka 2004 mwalimu wao akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kinachotupendeza zaidi katika habari hiyo si tuzo. Ni kwamba wamama walipewa fedha kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Tungependa miradi mingi inayokuja Maniema na kuhesabu mifuko ya mbegu iliyogawanywa ijifunze hesabu hiyo.

Hatuwezi kumaliza bila kutaja ardhi, ingawa wengine wangependa tuipite. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Kwa desturi, kila mtu hapa anajua ni ukoo gani unaotaja jina la kila kilima. Kati ya sheria na desturi kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo watu wanagombana. Katika desturi zetu nyingi, mti unaodumu ni neno. Aliyepanda mchikichi, mwembe au mwavoka amesema: mimi nipo hapa. Kwa hiyo mgeni akipanda mti katika parseli ya aliyempokea, hata kwa moyo safi, mwenye parseli anaweza kusikia jambo ambalo mgeni hakulisema. Mboga ni kitu kingine. Lengalenga na matembele huja na kuondoka. Na mche ulio ndani ya kopo haujasema neno lolote kuhusu udongo ulio chini yake. Unabebeka. Ndiyo sababu tunawahimiza ninyi mliohama muanze na makopo, mabeseni na magunia. Mkitaka kupanda miti, ongeeni kwanza, mbele ya shefu, muandike karatasi: mti ni wa nani, matunda ni ya nani, na siku familia ikirudi kwao itakuwaje.

Gunia tumelitaja, tueleze kwa ufupi. Nairobi, katika mtaa wa Kibera, baada ya machafuko ya uchaguzi ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, familia nyingi zilisaidiwa kupanda mboga ndani ya magunia yaliyosimama, kwa sababu ardhi haikuwepo. Siri ya gunia ni moyo wake. Unachukua kopo kubwa lisilo na chini wala juu, unalisimamisha katikati ya gunia, unajaza kokoto ndani ya kopo na udongo nje yake, kisha unalivuta kopo juu na kujaza tena, mpaka gunia lijae. Unabaki na nguzo ya mawe katikati. Maji unayamwaga juu ya nguzo hiyo, yanashuka na kugawanyika mpaka chini. Bila nguzo, juu panaoza na chini panakauka. Toboa pembeni, panda lengalenga au sombe ya kuchuma changa, na juu pilipili au kitunguu.

Wazee wa Kasuku wanaosikiliza hapa hawahitaji kuelezwa faida ya mboga iliyo karibu na mlango. Mwaka 2002 mji huu ulipozungukwa na vita, na njia za mashamba zikafungwa, wengi walijua maana ya kuona muhogo wako kwa mbali na kutoweza kuufikia. Wenyeji wa leo walikuwa wenye njaa wa jana. Familia zilizohama zijue hilo wanapoona mwenye parseli anachunga bidoni yake kwa ukali.

Tumesema vya kutosha, na jua linapanda. Twendeni nje. Pale chini ya mwembe tumeweka makopo kumi na mawili ya nyanya, na kwa makusudi hatukuyapa maji sawasawa: mengine yana kiu, mengine yamezama, na mawili yana ule uzi wa kahawia kwenye shina. Kaeni wawili wawili, mwenyeji na mgeni, na msichague rafiki. Kila jozi itazame kopo lake, iingize kidole, ilibebe, kisha ituambie kama litapewa maji au la, na kwa sababu gani. Ndoo ya maji iko mkononi mwa mama shefu, na hatatoa hata kikombe kimoja kwa jozi ambayo haijagusa udongo. Waliokuja na makopo yao matupu, misumari iko katika sahani karibu na mlango. Tafadhali mrudishe misumari.